Maji Yaliyolala Mtungini

Mama,

Barua zangu zote za nyuma zilipita mikononi mwa watu. Nilikuwa naandika hapa Chuno, barua inapanda lori mpaka Madimba, na kutoka Madimba anaibeba yeyote anayekwenda upande wa Namkele. Kisha Mwalimu anakuja kukaa barazani kwako kukusomea, na wewe unamkatiza kila mstari: "Rudia hapo. Amesema mtoto ameota jino au ameota ndoto?" Kwa sababu hiyo nilikuwa naandika yale tu ambayo Mwalimu naye angeweza kuyasikia. Safari hii hakuna wa kukusomea. Basi naandika yote.

Hali yako siulizi. Yangu ni nzuri, ila nimechoka. Mwanahawa anatembea sasa bila kushika ukuta. Nilipompa jina lako ulifurahi, ukasema basi nitashindwa kumgombeza. Si kweli, namgombeza kila siku, ila nikimgombeza namwita "wewe bibi." Mkweo Athumani wiki hii ana zamu ya mchana bandarini, kwa hiyo mtoto naenda naye kazini. Anashinda ndani ya kasha la mbao lililokuja na chupa kutoka Ulaya. Bwana Saidi anajifanya hamwoni. Mpaka alie sana ndipo anauliza, "Nani ameingiza redio humu ndani?"

Bwana Saidi unamjua kwa jina, yule mpimaji wa ofisi ya maji aliyenipa kazi ya kuosha chupa, kujaza fomu, na kwenda vijijini kuteka maji ya kupimwa. Hukupata kumwona. Ulikuwa unamwita "huyo anayetia maji kwenye chupa kama dawa ya kikohozi." Na siku moja uliniuliza mbele za watu, hivi serikali imekosa kitu cha kupeleka Ulaya mpaka ipeleke maji? Watu walicheka, nami nilicheka, lakini sikukujibu. Nitakujibu leo, maana bila jibu hilo hutaelewa nilichokufanyia, wala ulichonifanyia.

Maji yanafanywa na vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Hayo nilifundishwa shule nikayasahau. Nililojifunza ofisini ni kwamba chembe za vitu hivyo si sawa zote. Nyingi ni nyepesi, na chache, chache mno, ni nzito kidogo. Ulimi hauzitambui, jicho haliwezi kuziona, na mzani wa dukani haufai kitu hapo. Huko Ulaya wana maabara yenye mashine ya kuzitenga na kuzihesabu. Jua likipiga maji yaliyo wazi, chembe nyepesi ndizo zinazotangulia kuondoka na mvuke, nzito zinabaki nyuma. Ndiyo kusema maji ya bwawa, yaliyokaa juani, ni mazito kuliko mvua iliyoyaleta.

Bwana Saidi ana karatasi ya miraba ukutani. Oksijeni nzito anaihesabu kwa upana, haidrojeni nzito kwa urefu, na majibu ya kila chupa yakija anaitilia nukta yake. Nukta za maji ya mvua zinapangana kwenye mstari mmoja ulionyooka, utadhani fundi mwashi kavuta uzi. Maji yaliyopunguzwa na jua yanaanguka chini ya uzi. Kisima kikiwa kwenye uzi, kinakunywa mvua iliyozama ardhini. Kikianguka, kinakunywa bwawa. Bwawa likikauka nacho kinakauka, au maji ya chumvi ya huko mdomoni mwa Ruvuma yanakiingia.

Ndiyo maana maji yanapelekwa Ulaya, Mama. Na ndiyo maana chupa inazamishwa kisimani penyewe, inafurika, inafungwa humohumo bila kubaki povu hata moja, kisha inazungushiwa nta shingoni, ili hewa isije ikaiba kitu njiani. Sharti la Bwana Saidi lilikuwa moja, alilirudia mpaka nikawa nalisikia usingizini: "Somoe, teka kwa mkono wako."

Mwaka ule kazi ilikuwa na haraka. Watu wa vitongoji vilivyotawanyika walikuwa wanatakiwa wakusanywe mahali pamoja, na ofisi yetu iliambiwa iseme ni wapi penye kisima cha kutegemewa. Namkele ilikuwa kwenye orodha. Ikikubaliwa, wengine wataletwa kwetu. Ikikataliwa, sisi ndio tutakaobeba mikeka, tuache mikorosho, tuache msikiti, tuache makaburi. Hayo nilikueleza mwenyewe kwenye barua, na Mwalimu alikusomea. Nilikuambia pia siku nitakayokuja.

Nilifika kwako adhuhuri, kiangazi, jua linachoma mchanga. Mwanahawa alikuwa mgongoni, wa miezi minne, ana homa ya siku mbili. Nilikuwa nimetembea kutoka Madimba na kikapu cha chupa kichwani. Ulinipokea mlangoni, hukutoka uani kunilaki kama ulivyozoea. Niliona, lakini sikulitilia maanani. Ulinipa maji ya mtungini kwa kata. Nilikunywa kata mbili, baridi, yananukia ubani, nikahisi miguu imerudi kuwa yangu.

Nikasema niende kisimani sasa hivi, nikirudi nipumzike. Ukasema: "Na mtoto mgonjwa huyu? Kaa unyonyeshe. Vichupa vya dawa ya kikohozi mimi nishindwe kuvijaza? Nimejaza mitungi wewe hujajua kukaa." Nikakueleza vizamishwe, vifurike, visibaki povu. Ukaniambia nisikufundishe maji.

Sikukusudia kulala. Niliegemea ukuta tu huku mtoto ananyonya.

Nilipoamka jua lilikuwa limeinama. Mtoto alikuwa ametoka jasho, homa imeshuka. Chupa mbili zilikuwa zimesimama mkekani, zimejaa mpaka mdomoni, zimefutwa kwa kanga. Nilizipindua juu chini mbele ya mwanga: povu hakuna. Nikakuuliza, "Tayari?" Ukajibu, "Tayari." Sikukuuliza yametoka wapi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kisima, na chupa zimejaa. Nikaona jambo limekwisha.

Nikazifunga nta. Kwenye fomu pana mahali pa kuandika maji yametekwa wapi. Nikaandika: kisimani. Chini yake pana mahali pa aliyeteka. Nikaandika jina langu, nikatia sahihi. Siwezi kusingizia kwamba nilisahau. Kalamu ilisimama kidogo pale, kisha nikaandika.

Kwenye kizuizi cha barabarani, wakati wa kurudi, mgambo alinisimamisha akafunua kikapu. "Gongo hii, mama?" Nikamwambia ni maji. "Maji gani yanafungwa nta?" Nikamwambia ni maji ya kisima, yanakwenda Ulaya kupimwa uzito. Akamwita mwenzake: "Njoo usikie uongo mpya." Mwenzake akanusa shingo ya chupa, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akasema, "Mwache apite. Mlevi hawezi kutunga maneno marefu hivyo." Nilikuwa nimekuwekea kichekesho hiki nikusimulie nikija tena.

Sikuja tena ukiwa hai. Ilikuja habari kwamba umeanguka, na tulipofika ulikuwa umeshafunikwa. Watu wote walisema ghafla. Mama mdogo Zainabu alisema ghafla, jana yake amepita kwako kakuacha unachambua choroko. Mimi nami nikawa nawaambia wanaokuja kunipa pole: alikwenda ghafla. Neno hilo lilinisaidia, Mama. Kama ni ghafla, basi hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Majibu ya chupa yalichukua miezi. Yalipokuja, ilikuwa karatasi moja imepigwa taipu, vijiji vyote kwa mpangilio, oksijeni upande huu na haidrojeni upande ule. Bwana Saidi akakaa siku nzima anatia nukta. Mtawanya kwenye uzi. Madimba kwenye uzi. Namkele chini. Haikuwa chini kidogo, ilikuwa mbali kabisa peke yake, kama mtu aliyefukuzwa kwenye safu. Akasema, "Hiki chenu kinakunywa bwawa, Somoe. Pole. Nitaandika kifutwe kwenye orodha."

Nilisimama na ufagio mkononi. Nilikijua kisima kile tangu utoto, hakijapata kukauka hata mwaka ule wa njaa. Nikasema hivyo. Bwana Saidi si mtu wa kiburi, akasema haya, kabla sijaandika tuifungue chupa ya pili, tuipime chumvi, tusikie inasema nini. Maana kila kisima kina chupa mbili, moja inasafiri na moja inabaki kwenye kabati letu.

Akaivunja nta, akafungua, akainua. Akakunja pua. "Haya maji yananukia nini?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na nilishajua. Ilikuwa harufu ya nyumba yako, imetoka kwenye chupa ndogo, mchana, ofisini, na wewe uko kaburini mwezi wa tano. Ubani. Mtungi wako ulikuwa hujauacha hata Ijumaa moja bila kuufukiza.

Nilikwenda nje nikajifanya namwaga maji ya kuoshea.

Nikiwa kule nje nilifikiri mambo mengi, mengine mabaya. Nilifikiri ninyamaze. Harufu si kitu cha kuandika kwenye fomu. Mimi ni kibarua, si mwajiriwa, na sahihi ile ilikuwa ya uongo. Nikisema, kazi imekwenda. Na tena nikisema, ni kama nakutaja wewe, nakuweka mezani kwa watu wasiokujua: mama mzee ndiye aliyeharibu. Halafu nikafikiri watu wa Namkele wanafunga mizigo kwa sababu ya usingizi wangu. Wanakuacha wewe pale peke yako, na mimi ndiye niliyewaondoa.

Nikarudi ndani. Nikasema, "Bwana Saidi, maji hayo si ya kisimani."

Akasema, "Fomu inasema kisimani."

"Fomu nimeiandika mimi."

"Nani aliteka?"

"Mama."

"Aliteka wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini, Somoe?"

"Ndani ya nyumba. Mtungini."

Aliifunga tena ile chupa. Mwanahawa alikuwa anagonga kasha lake kwa kijiko. Kisha Bwana Saidi akasema kitu ambacho sijakisahau. "Mashine haikukosea. Kisima hakikukosea. Mama yako alimpa mgeni maji mazuri, hakukosea. Tumebaki mimi na wewe hapa. Mimi sikuwapo." Hakupaza sauti. Ningependa apaze.

Siku ile na nyingine nyingi baadaye niliamini nimekuelewa. Nilijiambia ni heshima tu. Kwako maji ya kisimani yalikuwa maji mabichi, ya kufulia. Maji ya kumpa mtu ni yaliyolala mtungini, yakapoa, yakaingia ubani. Ulimwambia hivyo hata mkweo Athumani alipokuja kuposa na akataka kunywa moja kwa moja kwenye ndoo: "Hayo bado hayajalala, baba, utatuaibisha." Uliposikia chupa zinakwenda Ulaya, kwa watu wasiotujua, ungewapelekeaje maji mabichi? Neno lako la sifa ndilo neno la kuharibika kwetu ofisini. Maji yaliyolala. Mtungi wa udongo unatoka jasho, jasho linakauka, ndivyo unavyopoza maji. Na kinachokauka ni zile chembe nyepesi. Kadiri yanavyolala ndivyo yanavyokuwa matamu kwa mgeni, na ndivyo yanavyozidi kuanguka chini ya uzi.

Bwana Saidi aliandika kwa wakubwa kwamba kumetokea kosa la utekaji, akaomba muda wa kupima upya. Lakini akasema hawatatuamini tukileta nukta mbili za kisima kimoja zinazopingana. Lazima tuonyeshe kwamba mtungi unaweza kuyaangusha maji mpaka pale. Basi tukaweka mtungi pembeni mwa ofisi, juu ya mchanga, nikaufukiza ubani mwenyewe ingawa alisema ubani haupimwi. Nikamwambia kama tunapima mtungi wa mama yangu, tupime mtungi wa mama yangu. Tukaujaza maji ya kisima, tukaufunika kwa kifuniko cha mbao. Nikawa nateka humo chupa moja siku ya tatu, nyingine siku ya saba, nyingine siku ya kumi na nne, ya mwisho siku ya ishirini na moja. Kwa mkono wangu.

Kisha tukaenda Namkele, mimi na yeye, na fomu mpya, na sharti kwamba mjumbe wa kijiji asimame kisimani aone na atie sahihi yake pamoja na yangu. Aibu hiyo niliikubali.

Mama mdogo Zainabu alitupokea. Bwana Saidi hajaweka hata mfuko chini, kata hiyo imeshafika mkononi mwake. Akanywa, akashukuru, akasema sasa twende kisimani tukajaze chupa. Mama mdogo akashangaa: "Kisimani kufanya nini, na mtungi huu hapa umejaa? Mnataka huko Ulaya watuone watu gani, tunawapa wageni maji mabichi?" Bwana Saidi akanigeukia polepole. Nadhani ndipo aliponisamehe. Akamjibu, "Utusamehe, Bibi. Huko Ulaya wana adabu mbaya, wanataka mabichi." Mama mdogo akasema hajapata kuona watu wa namna hiyo, lakini kama ndivyo walivyolelewa, basi.

Nilishuka kisimani mwenyewe. Nilizamisha chupa chini ya maji, nikasubiri povu la mwisho litoke, nikafunga humohumo. Mjumbe akatia sahihi. Niliipindua chupa juu chini kwenye mwanga mara tatu, na Bwana Saidi akajifanya haoni, kama anavyojifanya hamwoni Mwanahawa.

Safari hii kusubiri kulikuwa kurefu zaidi. Orodha ilikuwa haingoji, na kila wiki mjumbe alikuwa anatuma mtu kuuliza. Mimi nilikuwa naosha chupa, naweka lebo, na kila mara posta ikija naiacha chupa natoka mlangoni. Nilijiambia kama kisima kimeanguka tena nitakwenda Namkele kuwaambia mwenyewe, sitatuma barua.

Majibu yalikuja Jumatatu. Bwana Saidi aliniita, akanipa penseli. Hajawahi kunipa penseli ile. Akasema, "Tia wewe." Nikahesabu miraba ya oksijeni, nikahesabu ya haidrojeni, nikarudia. Nukta ya kisima ilikaa kwenye uzi kabisa, katikati ya Madimba na Mtawanya. Ni mvua, Mama. Kisima chetu kinakunywa mvua. Namkele haihami. Wengine ndio wanaokuja, nyumba za kwanza zimeshapimwa kwa kamba upande wa mikorosho ya Mzee Bakari, naye analalamika kila siku na kila siku anawapelekea muhogo. Wameleta pete za saruji za kujengea kisima. Mimi nimepewa barua ya onyo, iko kwenye faili, na bado ni kibarua. Nashukuru kwa yote mawili.

Lakini karatasi ile ilikuwa pia na zile chupa za mtungi wa ofisini, na hapo ndipo nilipotaka kukufikisha tangu mwanzo.

Bwana Saidi aliniambia nizitie nazo. Siku ya tatu: chini ya uzi kidogo tu. Siku ya saba: chini zaidi. Ya kumi na nne, zaidi. Ya ishirini na moja, mbali. Zimepangana zinateremka kama ngazi. Na ile nukta yako ya mwaka ule, iliyofukuzwa kwenye safu, sasa ina wenzake. Imekaa baada ya siku ya kumi na nne, karibu kabisa na ya ishirini na moja. Bwana Saidi alifurahi sana, alipiga meza. "Unaona? Hakuna bwawa hapa! Haya maji ya mama yako yalilala kama wiki tatu!"

Kisha akaniona uso. Akasema mtungi na mtungi si sawa, nisiichukue kama saa ya ukutani, inaweza kuwa siku chache zaidi au pungufu. Najua. Lakini wewe mtungi wako ulikuwa unaujaza kila siku ya pili. Na hukumruhusu mtu mwingine kuutia maji. Ya udhu na ya vyombo watoto wa jirani walikuletea kwenye ndoo, ya mtungi ulikwenda kuyateka wewe, kichwani pako, tangu nakujua.

Nilimwuliza Mama mdogo. Nilimshikilia, sikumwachia aseme ghafla. Alisema alikuwa akipita kwenda kisimani kila asubuhi anakuita, "Dada, nikuletee maji?" na kila asubuhi unamjibu kutoka ndani, "Mtungi umejaa." Alifikiri unakwenda jioni. Akalia, nami nikamwambia asilie, mimi nililala ndani ya nyumba ile na sikuona.

Kwa hiyo hukwenda kisimani siku ile kwa sababu hukuweza. Ni heshima pia, sikatai, lakini hukuweza. Ulikuwa huwezi tangu wiki tatu nyuma, karibu na siku Mwalimu alipokusomea kwamba nakuja. Uliujaza mtungi mara ya mwisho, ukaufunika, na ukawa unakunywa ya ndoo, ili ya mtungi yanikute. Kisha mimi nikanywa kata mbili, na yaliyobaki ukayatia kwenye chupa zangu ili nilale. Miguu yako ilikuwa chini ya kanga. Sikuitazama.

Uliwaficha watu wote. Mashine ya Ulaya hukuiweza.

Nilikukasirikia, Mama, nakuambia kweli. Nilikukasirikia siku kadhaa nikiwa naosha chupa. Ungesema ningebaki. Ningekupeleka hospitali kwa lori lilelile. Labda isingesaidia, lakini ningekuwa nimekuchotea maji. Sasa hasira imekwisha, nimechoka kuibeba na mtoto juu yake. Lakini neno ghafla nimeliacha. Wakiniuliza nasema: mama alikuwa mgonjwa, hakusema.

Chupa ya pili, ile iliyofunguliwa, ilibaki kabatini, namba yake imefutwa kwa wino mwekundu. Wiki iliyopita Bwana Saidi alisafisha kabati. Akanipa, akasema, "Hii haina kazi ofisini," akaangalia pembeni. Na mtungi wako ninao hapa Chuno, Mama mdogo aliuleta na lori umefungwa kwenye godoro, ulikuwa mkavu tangu ufe. Jana nimeuweka kwenye mchanga pembeni mwa mlango, nikaufukiza. Maji ya kwanza nimetia yale ya chupa. Yalikuwa kidogo, hayakufika hata kujaza kiganja vizuri. Mtungi uliyanywa yote. Nilitazama udongo ukigeuka rangi mpaka ukakauka tena, kisha nikaujaza kwa ndoo.

Leo ni siku ya pili. Bado hayajalala vya kutosha kumpa mtu, ila Mwanahawa ameshaingiza mkono mara mbili.

Nilikwenda Namkele mwezi huu kukuona, na nilipita kwa Mama mdogo. Nilimwuliza ana maji. Akaniambia, "Mtungi umejaa." Nikafunua kifuniko mwenyewe mbele yake. Akanuna, akasema nimekuwa mkaguzi. Ulikuwa umejaa kweli, maji mapya. Nitafunua tena nikienda, na nitamtazama miguu, anune asinune. Hiyo ni ahadi, na Mwanahawa nitamlea aifanye hivyohivyo kwangu.

Mgeni wangu nitampa yaliyolala. Chupa nitaijaza kisimani kwa mkono wangu, nichoke nisichoke.

Siku ile nililala mimi, ukafanya kazi yangu. Sasa lala wewe, Mama. Mungu akurehemu. Kazi yangu naifanya mwenyewe.

Mwanao,
Somoe